Mawe ya kilindini yanapandishwaje juu?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mchimbaji mdogo wa Haneti, Chamwino. Duara letu, yaani shimo la kuchimbia, lina kina cha mita 40 tu, lakini maji yakiingia kazi inasimama mpaka tushushe pampu ya petroli. Sasa nasikia kuna watu wanatoa nikeli chini ya bahari, kilomita nne kwenda chini. Wanaipandishaje? Na nikeli inayotafutwa huku kwetu itapata mnunuzi kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza ondoa picha ya duara kichwani. Kule hakuna baruti wala karasha la kusaga mawe. Madini yamelala juu ya tope: vinundu vyeusi, vingi vinaenea kiganjani, ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Eneo linalotajwa sana ni Clarion-Clipperton, Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Meksiko. Kinundu hukua milimita chache tu kwa miaka milioni moja, kwa hiyo ukikiokota usingoje kingine.

Mtambo unaotembea kwa minyororo hupuliza maji kwa nguvu, vinundu vikanyanyuka na kuingia ndani yake. Kanieneo, yaani mgandamizo wa maji, huko ni kama mara 400 ya hapa juu, hivyo anayeuongoza yuko melini. Mwaka 2021 mtambo wa tani 25 uitwao Patania II ulichomoka kwenye waya wake, ukabaki chini siku kadhaa hadi ulipoopolewa.

Kuhusu kupandisha: umeshaona wachimba visima wa Mzakwe wakisafisha kisima kipya kwa kompresa? Hewa inapelekwa chini, mapovu yanafanya maji ya ndani ya bomba kuwa mepesi kuliko ya nje, basi yale mazito yanayasukuma juu pamoja na mchanga. Baharini ni kanuni hiyohiyo. Mwaka 2022 meli ya Hidden Gem ilipandisha takriban tani 3,000 za vinundu kwa bomba la zaidi ya kilomita 4. Hapo mafundi wamefaulu, na nawapongeza.

Kinachonikosesha usingizi ni tope. Mtambo unalitimua chini, na maji machafu yaliyopanda na vinundu hurudishwa baharini. Yaachiwe kwenye kina kipi? Wingu lake litafika wapi? Alama za mtambo uliojaribiwa Pasifiki mwaka 1979 bado zilionekana zaidi ya miaka 40 baadaye; baadhi ya viumbe wadogo wamerudi, lakini si wote. Vijana niliowafundisha madini hapa Dodoma niliwauliza kila mara: marudio, yaani mabaki baada ya kutoa madini, mtayaweka wapi? Asiye na jibu hakupata ruhusa yangu ya kuchora mgodi. Kule naona bomba limetangulia jibu, na mimi ningesubiri.

Wala si mambo ya wenyewe huko. Kwa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa binadamu wote, chini ya Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari yenye makao Kingston, Jamaika. Tume iliyoiandaa Mamlaka hiyo miaka ya 1980 iliongozwa na Jaji Joseph Warioba wetu. Kanuni za uchimbaji bado zinabishaniwa, na Tanzania ina kiti pale. Natamani vijana wa Chuo cha Madini na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakae kwenye kiti hicho wakiwa wameshaijua hesabu ya tope.

Soko? Usiiogope bahari, tazama betri. Magari mengi ya umeme sasa hutumia betri za chuma na fosfeti, zisizo na nikeli wala kobalti. Hata hivyo nikeli nyingi duniani huenda kwenye chuma kisichoshika kutu, na huko bado inatakiwa. Kabla hujamlipa dalali yeyote, peleka sampuli maabara ya GST, taasisi ya taifa ya jiolojia, hapa mjini.

Na hiyo pampu ya petroli, mwanangu, usiishushe tena ndani ya duara. Moshi wake hauonekani wala haunuki vya kutosha kukuonya, na unaua haraka. Najua ikibaki juu haivuti maji ya mita 40. Hakuna pampu ya kuvuta inayozidi mita 10. Changishaneni mnunue ya umeme ya kuzamisha, jenereta ikae juu, mbali na mdomo wa duara.