Kwa Mnaoanza Kukereza: Mbao Bado Ni Mbichi

Wiki hii, katika karakana yetu ya kukereza, yaani kuchonga kwa patasi mbao inayozungushwa na mashine, hapa Moshi, nimemkuta kijana akipiga msasa mguu wa kiti huku egemeo la patasi, ile sehemu ya mashine ya kulazia patasi, likiwa bado mahali pake, naye amevaa sweta la mikono mirefu kwa sababu ya baridi ya Julai. Nilizima mashine kabla ya kumsalimu, akanitazama kama niliyemnyang'anya sahani.

1. Mikono ya nguo ikunjwe juu ya kiwiko, egemeo liondolewe kabla ya msasa, na mti uzungushwe kwa mkono kabla ya kuwasha.

2. Noeni patasi mapema, hasa mnapokereza mpingo, ambao hula makali hata ya patasi nzuri.

3. Pimeni ukavu wa mbao. Katika mwaka wangu wa tatu kazini nilipewa kazi ya vinguzo 32, zile nguzo ndogo za ubavuni mwa ngazi, vya nyumba moja njia ya Machame, na mzee mwenye nyumba alitaka viwe tayari kabla watoto wake hawajapanda kuja Krismasi. Nilinunua mbao ya mti wa grevilea iliyopasuliwa wiki ile ile. Kila patasi ilipogusa, maji yalinirukia usoni, nami nikaamini kwamba ulaini ule ulikuwa ustadi wangu. Vilitoka duara safi, nikavipaka vanishi, nikalipwa, nikala nyama choma. Joto la Januari lilipokolea nikaitwa. Vilivyokuwa na moyo wa mti katikati vilikuwa vimepasuka, vingine vinacheza katika matundu yake. Mzee yule hakufoka, alinipa kimoja nikizungushe kiganjani, kisha akauliza, "Kijana wangu, hiki ni kinguzo au ni yai?" Mbao husinyaa kwa kufuata pete zake karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye ganda, kwa hiyo duara ya mbao mbichi ikikauka lazima iwe kama yai. Nilikereza vingine 32 kwa fedha zangu. Siku hizi mbao mbichi naikereza kwanza ikiwa nene, napaka rangi kuukuu kwenye ncha zake, naiweka kivulini na kuipima kwa mizani kila wiki mpaka uzito ukome kupungua, ndipo namalizia.

4. Kinguzo cha kwanza kiwe kipimo cha vingine vyote, kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na si kwa macho. Kinguzo changu kimoja chenye umbo la yai kinaning'inia juu ya mashine, na kijana yule ametundika sweta lake hapo hapo, anatetemeka akisubiri chai.