Bafu la Zamani, Rangi Mpya: Majibu kwa Wasomaji wa Dodoma na Jirani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: kama marumaru za bafuni zilizochakaa zinaweza kupakwa rangi badala ya kubomolewa. Tumechagua sita.

Salamu kwenu. Nyumba yetu ipo Area C, ni ya zamani. Kuta za bafu zina marumaru za kahawia hadi usawa wa kichwa. Hazijavunjika ila zimetuchosha macho, na fundi anasema dawa ni kubomoa zote. Je, rangi inaweza kushika? Nianzie wapi? – Mama wa Area C

Inashika, mama, na kwa ukuta ambao vigae vyake bado ni imara gharama yake ni ndogo sana kuliko kubomoa. Anayebomoa halipii vigae vipya peke yake. Kigae kikitoka hung'oka na plasta, kisha kuna kifusi cha kusomba, saruji, mchanga, gundi na siku za fundi.

Ila rangi haiponyi ukuta mgonjwa, kwa hiyo kabla ya kwenda dukani ukague kwanza. Gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi. Kilichoshika hutoa mlio mkavu na mfupi. Kilichoachia huvuma kama mtungi mtupu. Vikiwa vichache, vitolewe na kubandikwa upya. Vikifika robo ya ukuta, fundi wako ana haki. Baada ya hapo bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, ukizibe pande zote nne kwa selotepu, ukiache saa 24 bila mtu kuoga humo. Ukikuta matone upande wa ndani, maji yanatoka ukutani: bomba linavuja, au unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Tengeneza hilo kwanza, maana rangi itasukumwa kwa nyuma hata ukiipaka vizuri namna gani.

Kazi kubwa kuliko zote ni kuosha, na hapa Dodoma ina uzito wake. Maji yetu ya visimani, ya Mzakwe na hata ya visima virefu vya majumbani, yana madini mengi. Ile chokaa inayoganda ndani ya birika ndiyo hiyo hiyo iliyoganda kwenye marumaru zako, ikichanganyika na mafuta ya sabuni. Ukipaka rangi juu yake, rangi hushika chokaa, na chokaa huachia kigae. Lowanisha matambara kwa siki nyeupe, yabandike ukutani dakika 20 hivi, sugua kwa brashi ngumu, suuza. Usiiache siki muda mrefu kwani inakula grauti, ile saruji iliyojazwa kwenye mistari kati ya vigae. Baada ya siki, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza mara mbili, na ukuta ukishakauka ufute kwa spiriti. Na hili tunaliomba kwa msisitizo: siki, limao au dawa ya choo yenye asidi visikutane kamwe na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo.

Utajuaje kuwa pamesafika? Mwagia ukuta maji. Yakitandaa kama shuka moja, pako safi. Yakijikusanya matonetone, mafuta bado yapo, rudia.

Silikoni yote ya kwenye pembe na kando ya sinki ikatwe kwa wembe na kukwanguliwa mpaka mwisho. Hakuna rangi inayoshika juu ya silikoni. Grauti iliyobomoka ijazwe upya na kuachwa siku 3, au 7 ukiwa na nafasi. Kisha piga msasa namba 220 kila kigae hadi mng'ao wote upotee. Huhitaji kuchimba, unataka ule uso wa kioo ugeuke kuwa wa ukungu, ili rangi ipate pa kung'ang'ania. Vaa barakoa ya vumbi, maana vumbi la kigae si zuri kwa mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi, uache pakauke usiku kucha.

Sasa vifaa. Dukani ulizia praima ya kushikia nyuso zinazoteleza, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa kwenye marumaru, na juu yake rangi ya epoksi ya makopo mawili, yaani rangi na hadina yake, dawa ya kuikaza. Zipo epoksi zisizohitaji praima, kopo litasema. Pima kwa kikombe chenye alama kwa uwiano ulioandikwa, uwe 4 kwa 1 au mwingine. Hadina ikipungua rangi hubaki inanata. Ikizidi haikaushi haraka kama wengi wanavyodhani, inaifanya rangi iwe kavu na yenye kuvunjika. Koroga dakika 3 nzima, ukikwangua na kitako cha chombo.

Changanya kidogo kidogo. Ikishachanganywa epoksi ina saa chache tu za uhai, na joto la Oktoba na Novemba huzikata zaidi. Ndoo nzima iliyochanganywa kwa pamoja hujipasha moto yenyewe na kuganda kabla hujamaliza ukuta mmoja.

Anza kwa brashi ya inchi 1 kwenye mistari ya grauti na pembe, halafu rola ndogo ya sponji ya inchi 4, kutoka juu kwenda chini. Paka mikono miwili myembamba, yaani mara mbili. Mkono mnene huteremka machozi, na thina inayofungiwa ndani yake hutoka baadaye kama malengelenge. Kati ya mkono na mkono fuata saa zilizoandikwa kwenye kopo, na uangalie pia kikomo cha juu: ukichelewa kukipita, epoksi ya kwanza huwa imekwisha kuwa ngumu, ya pili haishiki mpaka upige tena msasa kidogo.

Kuhusu majira: kiangazi chetu, Mei hadi Novemba, ndio wakati mzuri kwa sababu hewa ni kavu. Upepo wa Agosti na Septemba una vumbi lakini, kwa hiyo paka asubuhi mapema na utundike kitambaa cha chandarua dirishani. Hewa ipite, vumbi libaki nje. Juni na Julai usiku hupoa na epoksi huchelewa kukauka, basi ongeza siku. Maji yasiguse ukuta kwa siku 7. Rangi huonekana kavu siku ya pili, lakini ndani bado inakaza. Familia yenye bafu moja ijipange mapema pa kuoga. Silikoni mpya iwekwe baada ya rangi kukaza, nayo ipewe saa 24.

Mimi ni fundi rangi, Nkuhungu. Nilipaka marumaru za mteja kwa rangi ya mafuta, mikono miwili, ikang'aa vizuri. Miezi miwili baadaye inabanduka, na imeanzia kwenye mistari ya grauti. Nilikosea wapi? – Fundi kijana

Kaka, umeeleza vizuri, na hiyo mistari ya grauti inasema mengi. Makosa yapo mawili.

La kwanza ni uso wa kigae. Rangi ya mafuta haina njia ya kupenya kioo, na bila msasa na praima inakaa juu tu kama karatasi. Ndiyo maana ukivuta ncha inakuja ukanda mzima.

La pili ni la grauti. Saruji, hasa ikiwa mpya na yenye unyevu, ina ukali wa magadi. Unajua sabuni inavyotengenezwa: mafuta hukutanishwa na magadi makali. Ndicho kinachotokea pale chini ya rangi yako. Mafuta ya rangi hugeuka sabuni polepole, yanalainika, yananata, kisha maji ya kuoga yanayaondoa. Epoksi haipati shida hiyo.

Rangi ya mafuta tungeiacha kwa ukuta wa nyuma ya sinki au wa choo pasipoogewa, na hata hapo juu ya praima, grauti ikiwa kavu. Rangi ya maji usiipeleke bafuni kwenye marumaru kabisa.

Kurekebisha kazi ya mteja: usipake juu yake. Kwangua yote kwa wembe mpana, osha, piga msasa, anza upya. Na safari hii jaribu kwanza kwenye kigae kimoja nyuma ya mlango. Praima ikishakauka saa 24, ichore alama ya X kwa wembe hadi kwenye kigae, bandika selotepu juu yake, ikandamize kwa kidole, uivute kwa nguvu. Ikitoka na praima, maandalizi hayajatosha. Ni heri mteja aone jaribio hilo kwa macho yake kabla ya kazi kuanza.

Bafu langu ni mita 1.5 kwa mita 2. Ninunue rangi kiasi gani? – Msomaji, Ipagala

Mzunguko wa kuta ni mita 7. Toa mlango wa mita 0.75, zinabaki 6.25. Ukipaka hadi urefu wa mita 1.8 utapata mita za mraba 11.25. Epoksi nyingi hufunika takriban mita za mraba 10 kwa lita kwa mkono mmoja, ila angalia kopo lako. Mikono miwili ni lita 2.25; ongeza kidogo kwa ile inayobaki kwenye rola na trei, uhesabu lita 2.5. Praima ni lita 1 na robo, hivyo kopo moja la lita 1 litakuangusha mwishoni. Nunua rangi yote siku moja, na namba ya toleo iliyopigwa kwenye makopo iwe moja, kwa kuwa nyeupe ya wiki hii na ya mwezi ujao zinaweza kutofautiana. Nunua pia thina ya epoksi ile ile. Thina ya kawaida au petroli huiharibu.

Mwanangu ana pumu. Harufu ya rangi hizi ni kali kiasi gani? – Mama, Kisasa

Ni kali, mama, na tunakushauri mtoto alale kwa ndugu siku zile za kupaka na nyingine chache baadaye, mpaka harufu iishe. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wa thina; anayepaka avae ile yenye vichujio vya mkaa, na glavu, kwa sababu hadina huwasha ngozi. Dirisha wazi, mlango wa bafu umefungwa upande wa vyumba. Kuna pia rangi ya poliyurethani ya makopo mawili, ambayo watu huipenda kwa sababu haigeuki njano juani kama epoksi. Kwenu tusingeishauri. Hadina yake ina isosianeti, kemikali inayojulikana kuamsha pumu. Kaeni na epoksi, mchague rangi ya maziwa au kijivu badala ya nyeupe tupu. Umanjano hautaonekana haraka.

Nimewafuata toka Manyoni. Kuta nimeshapaka na zimependeza. Sasa nataka kupaka na sakafu ya bafu hilo hilo kwa rangi iliyobaki. Naweza? – Mzee msomaji

Shikamoo mzee wetu. Hapo tunakuomba usifanye. Ukutani rangi hupigwa na maji tu, lakini sakafuni kuna miguu, mchanga, ndoo inayoburutwa imejaa, na maji yanayosimama karibu na tundu la kutolea. Rangi italika pale unaposimama kuoga, na kabla haijalika itateleza, jambo ambalo kwa mtu mzima ni hatari kuliko sakafu iliyofifia.

Kama vigae vya chini vimeshika, fundi anaweza kubandika vipya vyenye uso wa kukwaruza juu ya vya zamani, kwa gundi ya vigae, si saruji tupu. Vya zamani vipigwe msasa na kuoshwa kama tulivyoeleza. Sakafu itapanda kama milimita 12 hadi 15, kwa hiyo mlango utakatwa chini, kifuniko cha tundu la maji kitainuliwa, na mteremko wa kuelekea tundu ulindwe. Kabla fundi hajaondoka, mwaga ndoo moja uone maji yanakokwenda. Na ikiwa kinachokuudhi ni weusi wa mistari peke yake, kukwangua grauti na kujaza mpya kunatosha.

Nimepanga Chang'ombe. Mwenye nyumba akikataa nifanyeje? Na nikipaka, rangi hutunzwaje? – Mpangaji

Akikataa, acha. Epoksi haitoki kwenye kigae bila kukiharibu, nawe utadaiwa. Akikubali, pata ruhusa kwa maandishi, na mkubaliane gharama inakatwa kwenye kodi au la.

Kutunza: sponji laini na sabuni ya vyombo. Stilwaya, unga wa kusugulia, siki na dawa za asidi vyote vikae mbali. Baada ya kuoga pitisha kitambaa ukutani, kwa sababu matone ya maji yetu yakikaukia pale huacha chokaa, na ni ile chokaa itakayokushawishi kurudi kwenye stilwaya. Rangi ikimeguka mahali, usingoje: msasa kidogo, spiriti, tone la epoksi kwa brashi ndogo. Maji yakishaingia nyuma ya ule mmeguko, rangi ya kigae kizima itabanduka.