Kusafiri si kuhama

Nilimuuguza mama yangu miezi minne, mbali na nilikopanga chumba. Niliporudi, ufunguo ulikataa. Kitasa kilikuwa kipya, unga wa mbao ungali umezagaa kizingitini, na dirishani palining'inia pazia nisilolijua. Vyombo vyangu vilirundikwa stoo, godoro limeota ukungu. "Nilijua umehama," mwenye nyumba akaniambia. Kodi ya miezi yote minne alikuwa ameipokea.

Wewe unayefunga mlango kwenda kuuguza, kusoma au kutafuta kazi, shika hili: kutoonekana peke yake hakuvunji mkataba. Swali ni kama ulikusudia kuiacha nyumba. Kodi inalipwa? Vitu vimo? Funguo unazo? Hata ukidaiwa, deni humpa mwenye nyumba sababu ya kukupa notisi na kwenda mahakamani, na nchi nyingi zinamtaka apate kwanza amri ya mahakama. Mwaka 1997 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni ilieleza kwamba anayetolewa kwenye makazi apewe notisi ya muda wa kutosha, na asitolewe usiku wala katika hali mbaya ya hewa bila ridhaa yake. Mimi sikupewa hata karatasi.

Kosa langu ni kwamba niliaga kwa mdomo, mlangoni, begi mkononi. Andika. Meseji inatosha: naondoka tarehe fulani, nitarudi, kodi itaendelea, notisi yoyote nitumie kwa namba hii. Piga picha kila chumba. Mwachie mtu unayemwamini ufunguo, apite angalau mara moja kwa wiki. Na usome mkataba wako, maana mingine inakutaka utoe taarifa ukiwa mbali kwa muda mrefu.

Ukishafungiwa nje, usivunje mlango. Piga picha kitasa na vitu vyako, orodhesha vilivyopotea, kisha wahi msaada wa kisheria siku hiyo hiyo, kwa sababu akishaingia mpangaji mwingine, kurudishwa ndani kunakuwa kugumu sana. Mimi nilichelewa wiki tatu.

Jambo moja linaniuma hadi leo. Ili nichukue vitu vyangu, niliwekewa karatasi ya kukiri kwamba nilihama kwa hiari. Nilikuwa nimechoka, kalamu nimeshaishika. Jirani akanishika mkono. Ningesaini, zile risiti nne za kodi zisingenifaa kitu mbele ya msuluhishi. Chumba sikukipata tena, ila amana yangu ilirudi, na vilivyoharibika nikafidiwa.