Namba 4,294,967,297 inavunjika kwa kalamu tu

Ndugu yangu, umeuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, na kama mtu anaweza kuhakikisha bila kompyuta. Si tasa: ni 641 × 6,700,417. Na kalamu inatosha kabisa. Nafundisha hisabati hapa Bukavu, Kadutu, darasa la mwisho la sekondari, na swali hili napenda kuliweka ubaoni simu zote zikiwa mfukoni.

Wanafunzi huanza kugawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11. Njia ni halali ila haina mwisho wa karibu: kipeuo cha pili cha namba hii ni kama 65,536, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Tazama kwanza namba imejengwaje. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliona kwamba vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 vinatoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa, akaamini zinazofuata zitakuwa hivyohivyo. Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaivunja hii yetu mwaka 1732.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye utamu. Tuseme namba tasa p inaigawanya bila baki. Basi ukigawanya kwa p, 2 kwa kipeo cha 32 inabakisha −1 (yaani inapungukiwa 1 tu ili igawanyike), na 2 kwa kipeo cha 64 inabakisha 1. Hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachobakisha 1: kidogo kabisa lazima kigawanye 64, na kikiwa chini ya 64 kingegawanya 32 pia, na baki la kipeo cha 32 lingekuwa 1, si −1. Lakini kanuni ya Fermat mwenyewe inasema 2 kwa kipeo cha p − 1 nayo inabakisha 1. Kwa hiyo lazima 64 igawanye p − 1. Andika 65, 129, 193 na kuendelea, ukiongeza 64 kila mara, kisha futa zisizo tasa: zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Kutoka maelfu sita hadi tano! Nimefundisha miaka mingi na bado jambo hili linanifurahisha.

Nne za mwanzo zinakataa. Kwa 641 usihangaike na tarakimu kumi: gawanya 65,536, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 16, baki ni 154. Kipeo cha 32 ni 65,536 mara 65,536, kwa hiyo mabaki nayo yanazidishwa. Zidisha 154 kwa 154, upate 23,716. Ongeza 1: 23,717, ambayo ni 641 × 37 kamili. Imekwisha.

Kuhusu 6,700,417, vigawo vyake tasa navyo lazima vizidi mafungu ya 64 kwa 1, na kipeuo chake hakifiki 2,589, kwa hiyo mafungu ya kujaribu hayavuki 40. Maliza mwenyewe, utakuta ni tasa.

Ukipata hamu ya kuendelea na 2 kwa kipeo cha 64 ukiongeza 1, mafungu yawe ya 128. Ila jiandae: kigawo cha kwanza ni 274,177, na Landry, mwanahisabati Mfaransa, alikipata mwaka 1880.