Renjifainda ya zamani na ya kisasa: kwa mnaoanza kupiga picha kwa filamu

Wadogo zangu, swali mnaloniuliza sana ni mnunue renjifainda (kamera ambayo unalenga kwa kidirisha kilicho kando na lenzi) ya zamani au ya kisasa. Hapa Kigoma nafanyia kazi zote mbili: Zorki 4, kamera ya Kisovieti iliyoanza kutengenezwa 1956, na Bessa R3A ya Japani, iliyotoka 2004. Lenzi yangu ya milimita 50, ya kufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, inaingia kwenye Bessa kwa adapta (pete ya kuunganishia), na picha zikishasafishwa siwezi kukuambia ipi imetoka wapi. Kinachotofautiana ni mambo unayolazimika kuyakumbuka mwenyewe.

Kwenye renjifainda hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha kilicho juu yake, na katikati mna kiraka chenye taswira mbili. Unazungusha lenzi mpaka zikae moja juu ya nyingine. Tafuta mstari wa wima, kama mlingoti au ukingo wa mlango. Kidirisha cha Bessa kinaonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo natazama macho yote mawili yakiwa wazi. Kiraka cha Zorki yangu kimefifia kwa umri. Jioni mwaloni Kibirizi, wavuvi wa dagaa wakiandaa taa zao, sikioni vizuri, basi nahesabu hatua na kuweka umbali kwa kukadiria. Ukimsogelea mtu mpaka mita moja, inua Zorki kidogo, la sivyo utamkata kichwa. Mistari ya Bessa inayoonyesha mipaka ya picha inajirekebisha yenyewe.

Kwa kuwa hutazami kupitia lenzi, unaweza kupiga mkanda mzima wa filamu kifuniko cha lenzi kikiwa bado kimefunikwa. Ndiyo maana wengine wanawaambia mkitupe. Kwa kamera ya zamani msikitupe! Pazia la shata ya Zorki, yaani linalofunguka ili mwanga ufike kwenye filamu, ni la kitambaa, na lenzi iliyoelekea jua inaliunguza. Mimi niliiacha Zorki kwenye ubao wa mtumbwi, lenzi wazi, imetazama magharibi, jua likishuka upande wa Kongo. Kwenye mkanda uliofuata kila picha ilitoka na doa jeupe mahali palepale. Nilipolimulika pazia nikaona kitundu kama cha sindano. Mkanda ule ulikuwa na picha za bibi yangu amekaa barazani Ujiji, na picha hizo siwezi kuzirudia tena. Tangu siku ile kifuniko changu nimekifunga kwa uzi.

Pia, kwenye Zorki vuta filamu kwanza hadi picha inayofuata, ndipo ubadilishe kasi ya shata. Ukianza na kasi unaweza kuharibu mtambo wa ndani.

Zorki 4 haina kipima mwanga, na kwangu hapo ndipo ilipo faida yake. Kwa filamu ya ASA 200 (ASA ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), jua kali la mchana ni tundu la lenzi la f/16 kwa kasi ya sekunde 1/250. Kwenye kivuli cha mwembe fungua tundu mpaka f/4. Andika kila picha kwenye daftari, na baada ya mikanda mitano au sita utaanza kuujua mwanga kabla hujagusa kamera. Bessa inakupimia na kukuchagulia kasi, nami naitegemea kwenye harusi, kwa sababu bwana na bibi harusi hawasubiri hesabu. Lakini ziwa linaidanganya. Mtu akisimama na maji yanayometameta nyuma yake, kipimo kinafuata maji na uso unatoka mweusi tii. Elekeza kamera chini kwenye mchanga ulio kivulini, bonyeza kitufe cha kushikilia kipimo, kisha rudi usoni.

Shata ya Bessa hiyo inaendeshwa na betri mbili ndogo za LR44, na zikiisha haipigi kabisa. Nunueni za akiba kabla ya kupanda boti.

Kubadilisha mkanda mtumbwini, Bessa ni mlango tu unaofunguka. Mgongo wa Zorki unatoka wote, unabaki umeushika mkononi, mkanda umeubana kwa meno na mawimbi yanakutikisa. Mgongo huo mimi huwa nautia kifuani ndani ya shati, upande mweusi ukitazama ngozi ili usiingie mchanga.