Maswali yenu kuhusu Awolowo, Okpara na Ahmadu Bello: hela ya shambani ilivyojenga viwanda

Juzi niliandika kuhusu majimbo matatu ya Nigeria miaka ya 50 na 60, Obafemi Awolowo kule Magharibi, Michael Okpara Mashariki na Ahmadu Bello Kaskazini, jinsi walivyotumia kakao, mawese, karanga na pamba kujenga shule na viwanda kabla mafuta hayajaanza kuleta hela ya maana. Maswali yamekuja mengi sana, nimechukua yale yanayojirudia na mengine nimeyaunganisha.

SWALI: Hawa jamaa hela walizitoa wapi? Maana viongozi wa siku hizi kila ukiwauliza wanakwambia bajeti haitoshi.

Hapa ndipo penye kiini chenyewe kwa hiyo nivumilieni nitakuwa mrefu. Kulikuwa na bodi za mazao, zile za kununua kutoka kwa mkulima kwa bei iliyopangwa halafu zinauza nje. Mwanzo zilikuwa za nchi nzima, bodi moja kwa kila zao, ila mwaka 1954 zikavunjwa zikawa za majimbo, na akiba iliyokuwa imekusanywa ikagawanywa kufuatana na zao lilitoka wapi. Magharibi ikaondoka na kakao yake, Mashariki na mawese yake, Kaskazini na karanga na pamba. Juu ya hapo ushuru wa mazao yanayouzwa nje ulikuwa unarudi kule yalikolimwa, na hata kwenye madini katiba ya 1963 ilitaka nusu ya mrabaha irudi jimbo yalikochimbwa.

Sasa fikiria wewe ndiye waziri mkuu wa jimbo, wenyewe walimwita premia. Kakao ikishuka ubora hela yako inashuka, wadudu wakishambulia mikakao unaathirika wewe na sio mtu wa Lagos, makao makuu ya nchi wakati ule. Ndiyo maana serikali ya Magharibi ilihangaika kweli kweli na mambo ambayo leo gavana hawezi hata kuyataja jukwaani: mabwana shamba, dawa za kunyunyizia, ukaguzi wa madaraja ya kakao. Kakao ukishaivunja ganda zile mbegu na utelezi wake unazifunika na majani ya migomba siku tano mpaka saba zichachuke, unazigeuza, ndipo unaanika juani. Ukiharakisha hapo katikati kakao inakuwa chungu na mnunuzi anaishusha daraja, na bei inaanguka. Serikali iliyokuwa inaishi kwa hiyo hela ilikuwa na kila sababu ya kumfundisha mkulima asiharakishe.

Kwa hiyo maono walikuwa nayo, silipingi hilo, lakini maono yao yalikuwa na hela yake na hela yenyewe ilitoka kwenye jasho la watu waliokuwa wanawapigia kura.

SWALI: Elimu bure ya Awolowo watu waliipokea vizuri tangu mwanzo?

Hapana, na hii huwa haisemwi. Ili kuilipia aliongeza kodi ya kichwa, watu wakachukia, na kwenye uchaguzi wa shirikisho wa 1954 chama chake cha Action Group kikashindwa hukohuko nyumbani Magharibi na chama pinzani cha NCNC. Mwanasiasa wa kawaida hapo angerudi nyuma. Yeye Januari 1955 akafungua milango, na watoto wa shule ya msingi wakaruka kutoka kama laki nne na nusu hadi zaidi ya laki nane kwa mwaka mmoja tu. Mashariki nao wakajaribu mwaka 1957, gharama ikawashinda wakalazimika kurudisha ada na akina mama wakaandamana. Kwa hiyo wazo lilikuwa lilelile, tofauti ilikuwa kwamba Magharibi walikuwa na kibubu kikubwa cha kakao.

SWALI: Naomba ufafanue Okpara, wengi hatumjui. Alifanya nini hasa?

Okpara alikuwa daktari wa binadamu kwa kusomea, akashika uwaziri mkuu wa Mashariki mwishoni mwa 1959 baada ya Nnamdi Azikiwe kwenda kwenye siasa za kitaifa, alikuwa bado hajafika miaka 40. Jimbo lake ndilo lilikuwa na ardhi finyu na watu wengi, na akiba yake ya mazao haikufikia ya Magharibi. Kwa hiyo akaamua kila kipande cha ardhi kizae zaidi, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake.

Cha kwanza mawese. Michikichi mingi ya Mashariki ilikuwa imejiotea yenyewe, mirefu, mtu anapanda na kamba kiunoni kukata mkungu, na tunda lenyewe kokwa kubwa, nyama kidogo. Watafiti kule karibu na mji wa Benin, hukohuko Nigeria, walikuwa na mbegu chotara, ganda lake jembamba na nyama nene, unapata mafuta mengi zaidi kwenye mkungu uleule na mti unazaa ukiwa bado mfupi. Shida mkulima utamwambiaje akate miti ya babu yake asubiri miaka kadhaa bila kitu mfukoni? Serikali ikaja na mpango wa kumpa miche, mbolea na ruzuku ya kumshikilia mpaka miti mipya izae. Mimi katika yote aliyofanya huu ndio naupenda zaidi kwa sababu umeanzia kwenye hofu halisi ya mkulima.

Cha pili makazi ya kilimo, vijana waliomaliza shule wanapewa mashamba na nyumba kwenye kijiji cha kupangwa, mfano ukiwa vijiji vya ushirika vya Israel vinavyoitwa moshav. Yalikuwepo Ohaji, Igbariam, Boki, Erei, Ulonna na Uzo-Uwani. Magharibi walikuwa wameshaanza wazo hilohilo.

Cha tatu viwanda. Simenti ya Nkalagu ilianza kabla yake, mwaka 1957 enzi za Azikiwe, na eneo lilichaguliwa kwa akili sana, chokaa iko palepale na makaa ya mawe yako Enugu sio mbali. Okpara hakuvunja cha mtangulizi ili aanze chake, aliendeleza, akasukuma viwanda Emene karibu na Enugu, eneo la viwanda la Trans-Amadi Port Harcourt, bia ya Golden Guinea kwao Umuahia, nguo Aba. Na chuo kikuu cha Nsukka kilichofunguliwa 1960 kilijengwa kwa msaada wa chuo cha jimbo la Michigan cha Marekani, aina ya chuo ambacho kilimo ni somo la heshima kama sheria au udaktari. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana wakati ule msomi wa Afrika alitegemewa avae suti akae ofisini.

SWALI: Ni kweli Malaysia waliiba mbegu za michikichi Nigeria?

Hii stori inazunguka kila mwaka na inawauma watu, lakini haiko hivyo. Michikichi ilifika Bogor, Indonesia ya Waholanzi, mwaka 1848, miche minne tu, na mashamba ya biashara ya Malaysia yakaanza 1917. Kwa hiyo wakati Okpara anagawa miche, Malaysia tayari walikuwa na mashamba makubwa. Kilichotokea ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 60 Nigeria ilikuwa bado inaongoza duniani kuuza mawese nje, Malaysia wakaendelea kupanda na kutafiti mfululizo, Nigeria ikaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1967 na vita hivyo vikapiganwa katikati ya mashamba ya michikichi. Hapo hakuna aliyeibiwa. Na inaniuma zaidi kuliko kama ingekuwa wizi.

SWALI: Zile piramidi za karanga za Kano zilikuwa za nini? Maonyesho?

Zilikuwa foleni mkuu. Reli ilifika Kano mwaka 1911 na wakulima wakahamia kwenye karanga kwa nguvu, magunia yakawa yanakuja mengi kuliko mabehewa ya kuyapeleka bandarini. Wakawa wanayapanga, wapagazi wanapanda na gunia kichwani ngazi kwa ngazi mpaka kileleni, wanafunika na turubai mpaka zamu ya treni ifike. Mfanyabiashara mkubwa wa biashara ile alikuwa Alhassan Dantata, ambaye Aliko Dangote wa simenti ni kitukuu chake, kwa hiyo ukiona mifuko ya Dangote ujue ukoo huo ulianzia kwenye karanga.

Ahmadu Bello kwa upande wake alielewa kwamba kusafirisha mali ghafi peke yake hakutoshi. Mwaka 1957 Kaduna Textiles ikaanza, pamba ya Kaskazini inafumwa Kaskazini, wabia wakiwa kampuni ya Lancashire Uingereza na serikali ya jimbo ikiwa na hisa zake, na Kaduna ikageuka mji wa viwanda vya nguo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Samaru kikaunganishwa na chuo kikuu kilichofunguliwa 1962, ambacho leo kina jina lake.

Na piramidi ziliishia wapi? Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 70, ugonjwa wa rosette ulioimaliza karanga mwaka 1975, na juu ya yote mafuta. Hela ya mafuta ilipojaa hakuna aliyekuwa na haraka ya kumtafutia mkulima wa karanga mbegu inayostahimili ugonjwa.

SWALI: Mbona unawasifia tu, hakukuwa na ufisadi?

Ulikuwepo. Mwaka 1962 tume ya Coker ilichunguza mashirika ya Magharibi ikakuta hela ya bodi imepitishwa kwenye kampuni yenye uhusiano na chama tawala mpaka ikaishia kwenye siasa. Tume iliundwa na mahasimu wa kisiasa wa Awolowo, sawa, lakini hela zilihama kweli. Na kuna jambo zito zaidi kuliko hilo, ile akiba ya bodi ilitokana na kumlipa mkulima chini ya bei ya dunia. Shule, barabara, lile jengo refu la Cocoa House la Ibadan, vyote vimelipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Watetezi wanasema alirudishiwa kwa elimu ya watoto wake na mimi kwa sehemu nakubali, ila mkulima asiye na mtoto shuleni alirudishiwa nini?

Na yale makazi ya kilimo kwa sehemu kubwa yalifeli, kila kijana aligharimu hela nyingi mno na wengi waliondoka kabla mazao ya kudumu hayajazaa.

SWALI: Nilisoma Mashariki ya Okpara ndiyo ilikuwa uchumi unaokua kwa kasi kuliko wote duniani. Kweli?

Hiyo sentensi inasambazwa bila takwimu yoyote nyuma yake, usiitumie. Simenti na michikichi vinatosha kumtetea.

SWALI: Nini kiliua mfumo wote? Na je kaunti na halmashauri zetu zinaweza kufanya vile?

Mapinduzi ya Januari 15, 1966. Ahmadu Bello akauawa, Samuel Akintola aliyemrithi Awolowo akauawa, Okpara akapona, siku hizo alikuwa na mgeni Enugu, Askofu Mkuu Makarios rais wa Cyprus. Mei 1967 majimbo yakakatwa kuwa mikoa 12, na jeshi likavuta mapato kwenda katikati, baadaye hata bodi za mazao zikawa za taifa mpaka zilipofutwa 1986. Leo katiba inarudisha asilimia 13 tu kama kiwango cha chini kule mafuta yanakotoka.

Kwetu hatujaanzia sifuri. Tanzania, chama cha ushirika cha KNCU cha Kilimanjaro kilijengwa na wakulima wa kahawa tangu 1933, ushirika wa pamba wa VFCU wa Mwanza chini ya Paul Bomani ikanunua vinu vya kuchambulia pamba, na mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri. Mkono uleule wa kuvuta kila kitu katikati.

Kenya katiba inazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini gavana anapata mgao wake hata chai na kahawa ya kaunti yake ikiporomoka. Tanzania halmashauri zina ushuru wa mazao usiozidi asilimia 3, lakini kuukusanya ni jambo moja na afisa ugani kumfikia mkulima ni jambo lingine. Ningekuwa na uwezo ningeanzia hapo, sehemu ya ushuru huo ifungwe kisheria kwenye miche, ugani na barabara ya kutoka shambani, na kila msimu wakulima wasomewe mkutanoni kilichokusanywa na kilichorudi.