Gari la kuvuta trela ya farasi wawili
Ndugu, kabla ya kuuliza ni gari gani, piga hesabu ya uzito. Farasi mzima ni kama kilo 500, na trela tupu ya farasi wawili hukaribia tani moja. Hapo ni tani mbili, bado matandiko na majani. Tafuta gari linaloruhusiwa kuvuta angalau tani 2.5, na usome kiwango cha trela yenye breki; kile cha isiyo na breki mara nyingi huishia kilo 750. Mimi ningechukua Land Cruiser Prado ya dizeli iliyotumika. Kuvuta si kazi, kazi ni kusimama mteremkoni farasi wakiyumba nyuma! Ikiwa ni otomatiki, kagua oili ya giaboksi: ikinuka kuungua, achana na gari hilo.